Juma wa Kwale: jina la siku lililogeuka jina la ukoo

Simama njia panda ya Ukunda asubuhi, pale barabara ya ufukwe wa Diani inapoachana na ile ya kwenda Msambweni na Lunga Lunga, uite "Juma!" kuelekea steji ya bodaboda. Vichwa vitatu vinne vitageuka kwa pamoja. Ndiyo maana hakuna anayeita hivyo. Huitwa Juma Mrefu, Juma wa Gombato, Juma Fundi, Juma Baba Mwanaisha. Jina lenyewe limeenea mno kwenye ukanda huu wa kusini mwa Mombasa hata haliwezi tena kumtambulisha mtu bila kusindikizwa.

Kwa sababu hiyo wako wanaolidharau. Nimewasikia vijana wakisema Juma ni jina la kijijini, jina la mtu ambaye wazazi wake hawakujisumbua: walitazama kalenda, wakakuta ni Ijumaa, wakaishia hapo. Wengine husema ni jina la Waarabu tu, halina lolote la Mdigo wala la Mduruma. Na wako wanaolikimbia wakikumbuka kuwa zamani lilikuwa jina la watumwa. Kila neno katika haya lina punje ya ukweli, na ndiyo maana linahitaji kujibiwa kwa utulivu. Mimi nasema Juma ni jina la Pwani ya kusini kwa haki kamili, na haki hiyo haikuletwa na kalenda. Imeletwa na mababu waliowaachia wajukuu.

Tuanze na kalenda hata hivyo. Juma limetoka katika neno la Kiarabu la siku ya Ijumaa, na mzizi wake ni kukusanya. Kabla ya Uislamu Waarabu waliiita siku hiyo Aruba. Ikapata jina jipya kwa sababu ya mkusanyiko wa sala ya adhuhuri, na sura ya 62 ya Kurani imeitwa kwa jina hilo. Mzizi huo Kiswahili kimeupanda kila mahali: jamaa, jamii, jumuiya, wote ni ndugu wa Juma. Kisha Kiswahili kikafanya jambo la ziada. Kikalichukua neno la siku moja na kulifanya liwe jina la siku zote saba. Tunasema juma lililopita, juma lijalo. Na hesabu ya siku ikaanza pale Ijumaa inapoishia: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano. Baada yake inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, maana Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo lugha yetu ina siku mbili za tano zilizokaa bega kwa bega, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, wala hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kuwa na akina Hamisi na Juma wengi huku kwetu, lakini ni nadra kusikia mtoto anayeitwa Jumamosi. Alhamisi na Ijumaa zilibaki na majina ya Kiarabu, na dini ndiyo iliyotoa majina ya kuzaliwa: Hamisi na Juma kwa siku, Rajabu, Shabani na Ramadhani kwa miezi, Idi kwa sikukuu. Kwa wasichana ikawa Mwanahamisi na Mwajuma. Matano nalo lipo upande wa Wamijikenda, yaani Wadigo, Waduruma na ndugu zao, likiwa na ile tano ya Kibantu ndani yake; wengi wanalikumbuka kupitia Robert Matano, mwanasiasa wa Mazeras aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama cha KANU.

Mpaka kati ya Hamisi na Juma ni jambo ambalo hospitali zimelisahau. Siku ya Mswahili haianzi saa sita za usiku. Inaanza jua likizama. Usiku wa kuamkia Ijumaa ndio usiku wa Ijumaa, ni wa siku hiyo tayari. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa kumi jioni ni Hamisi. Aliyezaliwa saa mbili usiku ule ule, taa zimewashwa na adhana ya magharibi imekwisha, ni Juma. Mkunga wa zamani alilijua hilo bila kutazama saa. Alitazama tu kama kuku wameshaingia bandani. Siku hizi cheti cha kuzaliwa kinaonyesha tarehe ya Alhamisi, mtoto anaitwa Juma, na mtu wa mbali akiona hivyo hudhani wazee walikosea. Hawakukosea. Walikuwa wakihesabu kwa jua.

Wamijikenda nao walikuwa na juma lao, tena la siku nne, lililopangwa kwa kilimo, magulio na mapumziko. Siku yake ya kupumzika inaitwa Jumwa, na baada yake inakuja kwaluka, siku ya kurejea kazini. Mtu akilitamka Jumwa hawezi kuacha kusikia Ijumaa ndani yake. Huko Kilifi limekuwa jina la mwanamke, na nchi nzima imelizoea kwa sababu ya mwanasiasa Aisha Jumwa. Hilo kwangu ni ushahidi mzuri kuwa wakulima wa bara kidogo na watu wa misikiti ya ufuoni walikuwa wakigawana wakati muda mrefu kabla ya kugawana dini.

Dini yenyewe haikuingia Kwale kwa siku moja. Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini Diani, ni wa karne nyingi, na Wavumba wa Wasini na Vanga walikuwa Waislamu tangu zamani. Lakini Wadigo walio wengi walisilimu katika nusu ya pili ya karne ya 19 na miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wakifundishwa na walimu wa Kiswahili na ndugu zao waliokuwa wakifanya biashara Mombasa. Aliyesilimu alipewa jina jipya. Ajabu ni kwamba jina la zamani halikutupwa. Lilisogea nyuma. Mtazame Chirau Ali Mwakwere, aliyekuwa mbunge wa Matuga na waziri. Chirau ni la nyumbani, Ali ni la msikitini, Mwakwere ni la mlango, yaani la ukoo. Tabaka tatu za historia ya Kwale zimekaa katika jina la mtu mmoja, kama udongo wa kisima ukichimbwa.

Hiyo Mwa- ya Mwakwere, Mwamzandi, Mwashetani na wengine wengi ina maana ya mwana wa, kizazi cha. Mwanzoni mwake kuna babu aliyekuwa mtu kweli, akazaa, na watoto wakaitwa kwake. Tusiichanganye na Mwa- ya Mwajuma, ingawa zote mbili zimetoka kwa mwana: ile inaonyesha mlango, hii inaonyesha mtoto wa kike. Watu wa mbali nao wana desturi kama hiyo. Katika milima ya Kaukazi, baina ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, Wajojia huweka mwishoni kile ambacho Wadigo huweka mwanzoni: -shvili ni mtoto, -dze ni mwana wa kiume. Mikheil Saakashvili, aliyekuwa rais wa Jojia, ni mtoto wa Isaka kwa tafsiri ya jina lake. Eduard Shevardnadze, rais mwingine wa huko, naye ana mzee fulani aliyefichwa katika herufi zake. Na majirani zao Wachechnya, walio Waislamu, huwaita wavulana Ramzan, ambalo ni Ramadhani yetu iliyopita njia ya Uajemi na Uturuki badala ya kupita baharini. Waturuki wana Cuma. Wakazakhi walikuwa na mshairi mkubwa, Magzhan Zhumabayev, aliyezaliwa 1893 na kufa 1938, ambaye jina lake la ukoo linatokana na Juma na neno lao la tajiri. Waakan wa Ghana, bila kuazima lolote kwa Waarabu, humwita Kofi mvulana wa Ijumaa, na ndiyo asili ya jina la Kofi Annan. Kumpa mtoto jina la siku, basi, si uvivu wa wazazi wa Pwani. Ni desturi ambayo mataifa mengi yameifikia, kila moja kwa njia yake.

Lakini sasa nirudi Kwale, kwa sababu hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Watu wengi wanaoitwa Juma hawakuzaliwa Ijumaa.

Babu yangu mzaa baba aliitwa Juma. Kaka yangu mkubwa alizaliwa Jumanne mchana, akaitwa Juma. Hakuna aliyeuliza ilikuwa siku gani, kwa sababu jina lilikuwa limeshamngoja. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Baadaye wanafuata babu na bibi wa upande wa mama, kila nyumba na mpango wake. Nyanya yetu alimwita kaka "mume wangu" tangu akiwa mgongoni. Kaka akikataa uji, alimwambia, "Mume wangu leo amenuna, nimemkosea nini?" Mama kwa upande wake hakulitamka jina hilo kabisa, maana ni la baba mkwe, na baba mkwe hatajwi. Alimwita Babu. Kaka alikua akiwa na majina matatu kwa jina moja: Juma shuleni, Babu kwa mama, mume kwa nyanya. Wazee waliokuja kumzuru babu walimwamkia kaka kwa heshima, wakamwita somo, na siku babu alipofariki walikuja kwake, mtoto wa miaka tisa, wakampa mkono wa tanzia kama mtu mzima aliyefiwa na nafsi yake.

Huo ndio utaratibu uliolifanya Juma lisitoke. Ijumaa ilimpa jina mtu wa kwanza. Baada yake lilihamishwa kutoka babu kwa mjukuu, likiruka kizazi. Usiponiamini, soma majina ya watu wanaojulikana. Juma Boy alikuwa kiongozi wa wafanyakazi wa bandari, akapanda hadi kuwa Katibu Mkuu wa COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi nchini, miaka ya 1970, na akawa mbunge kutoka Kwale. Seneta wa kwanza wa Kaunti ya Kwale, kuanzia 2013 hadi 2017, aliitwa Boy Juma Boy. Halihitaji maelezo jina hilo: babu yuko mbele, baba yuko katikati, babu yuko tena nyuma. Aliyepokea kiti chake 2017 ni Issa Juma Boy. Wapiga kura wa Kwale wameisoma familia hiyo kwenye karatasi ya kura kama wanavyoisoma kwenye kaburi.

Pwani nzima imejaa ushahidi wa namna hiyo. Mwimbaji wa taarabu aliyependwa kuliko wengi, Juma Bhalo, aliyefariki 2014, jina lake kamili ni Mohamed Khamis Juma Bhalo. Tanzania ilikuwa na Jaji Mkuu kuanzia 2017 aitwaye Ibrahim Hamis Juma. Nyumba mbili zisizohusiana, nchi mbili, na katika zote Hamisi ni mwana wa Juma. Alhamisi imezaliwa na Ijumaa.

Kuna jambo moja hapa linalostahili kufikiriwa zaidi kuliko linavyofikiriwa. Wadigo wa zamani walirithi kwa upande wa mama. Mnazi, shamba na ng'ombe wa mjomba vilikwenda kwa mpwa, si kwa mwana. Sheria ya Kiislamu ilipokuja na mirathi ya baba ukazuka mvutano ulioingia mahakamani na kuchukua vizazi. Wakati huo wote, majina yalikuwa yanasema jambo lao: Juma bin Hamisi bin Juma ni mstari wa baba mtupu. Ardhi ilifuata tumbo, jina likafuata mgongo. Nafikiri ndiyo sababu jina lilithaminiwa sana na wanaume wa wakati ule. Baba ambaye hakuweza kumwachia mwanawe shamba aliweza kumwachia baba yake mwenyewe, kwa kumwita jina lake.

Sasa suala la utumwa, na sitaki kulipitia mbali. Ni kweli. Mabwana wa Pwani waliwapa watumwa majina yasiyokuwa na ukoo: ya baraka na bahati kama Mabruki, Baraka na Feruzi, na ya siku kama Juma na Hamisi. Mtu aliyetekwa Nyasa au kwa Wayao alifika pwani akavuliwa jina la baba yake, akavishwa siku. Ukienda Shimoni, ndani ya pango lile lenye minyororo, unasimama pale ambapo kumbukumbu ya watu wa huko inasema walifungwa. Mtu aliyeitwa Juma bila bin alikuwa anatambulika kwa kile kilichokosekana. Hata sheria ya 1907 ilipofuta hadhi ya utumwa katika Pwani ya Kenya, upungufu ule ulibaki ukinong'onwa wakati wa posa.

Ila wakati ule ule mabwana wenyewe walikuwa akina Juma. Tippu Tip, mfanyabiashara aliyetawala njia za pembe za ndovu na watumwa hadi Kongo ya mashariki, ni Hamed bin Muhammad bin Juma bin Rajab al-Murjebi. Babu yake ni Juma. Mfanyabiashara mwingine, Juma Merikani, alipewa lakabu hiyo kwa kitambaa cha pamba cha Kimarekani, na mvumbuzi wa Kiingereza Cameron alimkuta ndani kabisa ya Kongo katika miaka ya 1870. Jina moja lilikuwa juu ya anayefunga na juu ya anayefungwa. Kilichowatenga hakikuwa Juma. Kilikuwa bin, na mlango nyuma yake. Na watoto wa wale walioachwa huru waliozaa Gasi, Msambweni na Vanga waliwaita wana wao Juma kwa ajili ya babu aliyekuwa mtumwa. Kizazi cha tatu kilipofika jina lilikuwa limeshapata babu. Hakuna jambo katika historia ya jina hili ninaloliheshimu kama hilo. Jina walilovishwa wakalifanya urithi.

Kwa njia za misafara Juma lilisafiri mbali na msikiti. Calestous Juma, profesa wa Harvard aliyefariki 2017, alizaliwa 1953 Busia, karibu na Ziwa Victoria. Hakuwa mtu wa Pwani wala Mwislamu. Uganda Juma liliingia pia na askari Wanubi kutoka Sudan. Juma Ikangaa wa Tanzania alishinda mbio za marathoni za New York 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, baada ya kushika nafasi ya pili Boston. Na Juma Volter Mwapachu, mwenye Mwa- ile ile tunayoijua upande huu wa mpaka, aliiongoza Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kutoka 2006 hadi 2011: Juma katika Jumuiya, mzizi mmoja wa kukusanya. Kwetu Kwale, mwenye jina hili ninayemshukuru zaidi ni Juma Zimbu, mmoja wa watu wanne waliotunga Mgombato, kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyochapishwa 2004. Anayesema Juma si jina la Mdigo na afungue jalada la kamusi ya Kidigo.

Tatizo la leo liko kwenye makaratasi. Fomu ina nafasi tatu: jina la mtoto, la baba, la babu. Mwa- haina pa kukaa, kwa hiyo inaachwa. Ukiongeza kwamba akina Juma, Hamisi, Ali na Bakari ndio hao hao, unapata maelfu ya watu wenye majina yanayofanana neno kwa neno. Mimi binafsi nilizungushwa miezi minne kwa sababu karani mmoja aliandika Jumaa kwenye cheti na mwingine akaandika Juma kwenye kitambulisho. Herufi moja, nauli ya kwenda mjini mara sita. Jumah nimeiona pia. Wenye kuumia zaidi ni wa mpakani. Wamakonde wa Kwale, waliokuja kwa kazi za mkonge na miwa ya Ramisi, waliishi bila uraia hadi serikali ilipowatambua 2016 na kuanza kuwapa vitambulisho mwaka uliofuata. Wapemba wa Shimoni na vijiji vya karibu walingoja hadi 2023. Katika miaka yote hiyo jina halikuweza kuwatetea. Juma ni wa Msambweni, ni wa Tanga, ni wa Pemba. Afisa aliyeketi mezani hakuweza kujua kwa jina peke yake. Jina la mlango lingesema. Lakini jina la mlango halikuandikwa.

Na wakati huo huo Juma lenyewe linapungua wodini. Nikipita madrasa za Ukunda nasikia Rayyan, Ayman, Arham. Majina mazuri, yana maana njema, na kila mzazi ana haki yake. Ninachosikitikia ni kwamba mnyororo ukikatika mara moja haurudi. Babu Juma akifa bila mjukuu aliyeitwa kwake, hakuna atakayeitwa "mume wangu" na nyanya, wala atakayeshikwa mkono wa tanzia kwa niaba ya marehemu. Jina litabaki kwenye hati ya shamba.

Basi ombi langu ni dogo, kwa wewe unayengoja mtoto wa kiume kutoka Waa hadi Vanga, awe Mdigo, Mduruma, Mmakonde au Mpemba. Ikiwa babu yake ni Juma, mwite Juma, hata akizaliwa Jumanne. Na siku ya kujaza fomu mwambie karani aandike na jina la mlango, nawe usiondoke dirishani kabla hujalisoma lilivyoandikwa.